Samaki wa tangi la maji chumvi: dalili, chanzo na la kufanya kwa mfugaji wa Mtwara na Lindi

Ukikaa Shangani au Mikindani, samaki wa tangi hawana bei. Maji yakitoka bamvua, vidimbwi vya mwambani hubaki na vitoto vya kila rangi, na kijana mwenye kipande cha chandarua na ndoo atakuletea kumi kabla maji hayajarudi. Shida nyingi za matangi ya huku kusini huanzia kwenye ndoo hiyo. Wengi wa samaki wa kidimbwini ni watoto wa samaki wakubwa, wamejificha pale wasiliwe. Mpe mmoja wao chakula kizuri sebuleni kwako kwa mwaka mmoja, atakuwa kama wazazi wake: jitu la sentimita 30 au 40 lenye eneo lake na hasira zake.

Tangi likiharibika watu hulaumu maji, filta, TANESCO, hata kijicho cha mgeni aliyelisifia. Maji yana makosa yake, nayo tutayapitia. Ila ukichunguza sana, mara nyingi utakuta kosa lilifanyika siku ya kuchagua nani akae na nani.

Kabla ya dalili yoyote, pima

Joto liwe nyuzi 25 hadi 28. Haidromita, kipimo cha chumvi ya maji, isome kati ya 1.023 na 1.026. pH iwe 8.1 hadi 8.4. Amonia na nitriti ziwe sifuri. Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita ili bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, waongezeke kwenye mawe na filta. Kama tangi lako lina wiki mbili na samaki wanakufa mmoja mmoja, sababu umeshaipata, na kuongeza samaki wengine ni kuwapeleka kaburini.

Kuna kosa moja ambalo sisi wa pwani tunalo zaidi ya watu wa bara, kwa kuwa bahari iko mlangoni: maji ya tangi yakipungua, mtu anajazia ya bahari. Kinachopaa ni maji tu, chumvi inabaki. Ukijazia ya bahari kila wiki, baada ya miezi miwili samaki wako wanaogelea kwenye brini. Pengo la maji yaliyopaa lijazwe kwa maji yasiyo na chumvi. Kama ni ya bomba, yakae kwanza kwenye ndoo iliyo wazi hadi kesho yake, klorini ipungue. Maji ya bahari ni ya siku ya kubadilisha maji, na hayo chota yakiwa yamejaa, mbali na feri na mbali na midomo ya mito. Wakati wa masika, maji ya karibu na Lukuledi au Ruvuma huwa mepesi na yenye tope, kwa hiyo pima ndoo kabla ya kuimwaga.

Vipimo vikiwa sawa na shida bado ipo, endelea na dalili unayoiona.

Mapezi yamechanika, mmoja amejibanza kwenye kona

Tofautisha kwanza kung'atwa na kuoza. Pezi lililong'atwa lina mkato unaoonekana, kama kipande kimetolewa. Linalooza huanza kuwa jeupe ukingoni na hupungua taratibu pande zote. Ukishajua ni meno, mtafute mwenye meno. Usisimame karibu na kioo, maana wakikuona wanaacha ugomvi na kuja kuomba chakula. Kaa upande wa pili wa chumba nusu saa, tazama wakati wa kula, kisha tazama tena taa ya tangi inapozimwa. Ugomvi wa tundu la kulala hutokea jioni, na wengi hawauoni kwa sababu wameshaingia kula.

Chanzo cha kwanza ni kufanana. Samaki wa mwambani humchukia zaidi anayefanana naye kwa umbo, rangi au chakula, kwa kuwa huyo ndiye mshindani wake. Kangaja ndio mfano mbaya kuliko wote. Yule wa buluu mwenye pezi la njano mgongoni, Acanthurus leucosternon, anapatikana huku kwetu na kila mtu anamtaka. Wawili kwenye tangi la nyumbani hawakai. Kila kangaja wa kundi hili ana kisu kwenye shina la mkia, na mkwaruzo mmoja wa kisu hicho unachana ubavu wa mwenzake toka mwanzo hadi mwisho. Mvuvi aliyewahi kumshika vibaya atakuonyesha kovu.

Chanzo cha pili ni ukongwe. Aliyetangulia kuingia anajiona mwenye nyumba. Hapa dawa ni rahisi: siku unayomwingiza mgeni, panga upya mawe yote ili kila mmoja atafute pa kulala upya. Mkorofi naye mweke siku chache kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu kinachoelea ndani ya tangi lilelile. Akitoka, mgeni atakuwa ameshapata tundu lake. Wengi hufanya kinyume, wanamtoa anayepigwa wakimwonea huruma. Kesho yake mkorofi anachagua mwingine.

Chanzo cha tatu kina jina: Dascyllus trimaculatus, yule mdogo mweusi mwenye madoa matatu meupe. Anapendwa kwa sababu hafi. Anavumilia tangi jipya, anakula chochote, anapendeza akiwa na sentimita mbili. Akifika kumi madoa yanafifia na tabia inaharibika, na anaweza kufika 14. Wa mistari myeusi na mgongo wa manjano, Abudefduf vaigiensis, aliyejaa kwenye vidimbwi vyetu, naye ana njia hiyohiyo na hufikia sentimita 20. Mimi siwaweki kabisa, na anayeniuliza namwambia awaache mwambani.

Samaki wa anemoni wana fumbo lao. Wote huzaliwa wakiwa tayari kuwa dume. Mkubwa wa kundi ndiye jike, anayemfuata ndiye dume lake, waliobaki hubaki watoto. Jike akifa, dume hugeuka jike. Kwa hiyo ukichukua wawili wakubwa kutoka sehemu mbili tofauti, yumkini umeleta majike mawili, na mmoja atauawa. Chukua mmoja mkubwa na mmoja mdogo kwa wazi, watapangana wenyewe. Huku kwetu wapo Amphiprion akallopisos, wa rangi ya waridi mwenye mstari mweupe mgongoni, na Amphiprion allardi mwenye mikanda miwili myeupe. Wa kwanza ni mpole zaidi. Wala hawahitaji anemoni ili waishi nyumbani, na anemoni yenyewe inataka mwanga mkali na tangi lililokomaa, kwa hiyo iache ilipo.

Mwisho, kama vidonda ni vidogo vidogo vya mviringo na humwoni anayefukuza, tazama vizuri yule unayemwita mwoshaji, wa buluu mwenye mstari mweusi. Mwoshaji wa kweli ni Labroides dimidiatus, mdomo wake uko mbele kabisa ya uso. Yupo tapeli, Aspidontus taeniatus, aliyevaa rangi zilezile na kucheza mchezo uleule, ila mdomo wake uko chini ya pua. Huyo anakaribia kama anayekuja kuosha, kisha anang'ata pezi na kukimbia.

Samaki ametoweka bila mzoga

Anza na sakafu. Inua zulia, sogeza kabati, angalia nyuma ya tangi. Samaki wengi wembamba huruka, hasa usiku, hasa wakifukuzwa. Kifuniko cha wavu wa dirishani kwenye fremu ya mbao kinamaliza tatizo hili kwa gharama ndogo.

Hajaruka? Subiri asubuhi. Jamii ya Halichoeres na Coris hulala ndani ya mchanga. Jua likizama wanajifukia, na wakiwa wageni wanaweza kukaa humo siku mbili au tatu. Watu wamefukua tangi zima kwa mkono kumtafuta aliyekuwa amelala tu. Kama hakuna mchanga wa kina cha angalau sentimita tano, samaki huyu hakufai, atajikwaruza kwenye kioo hadi apate vidonda. Na huyo mwekundu mdogo mwenye mabaka meupe mgongoni, mzuri kupita wote kidimbwini, ni mtoto wa Coris cuvieri. Ana safari ya kufika karibu sentimita 38, na akiwa mkubwa anapindua mawe akitafuta kaa.

Kama siye wa mchangani, basi ameliwa. Kanuni haina ubishi: kila kinachoingia mdomoni mwa chewa, mkunga au samaki simba ni chakula, hata kama wameishi pamoja miezi mitatu kwa amani. Amani hiyo ilikuwa ya vipimo vya mdomo. Chewa mdogo wa sentimita nane akikua kidogo, jirani yake wa sentimita nne anaondoka usiku, na asubuhi utamkuta chewa amelala chini na tumbo limejaa. Ukitaka samaki simba, mpe tangi lake au mweke na wakubwa asioweza kuwameza, na usitie mkono bila kujua yuko wapi, kwani miiba yake ina sumu. Hali kadhalika kambare wa baharini wenye mistari meupe, Plotosus lineatus, ambao watoto wao hutembea wakiwa wamefungamana kama mpira mweusi kwenye maji ya magotini. Watoto wetu huwachota kundi zima. Hiyo miiba nayo ina sumu, na kila mmoja atafika sentimita 30.

Samaki hali chakula

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo samaki wengi wanapokufia huku mwenyewe akibadilisha dawa.

Kuna samaki ambao hawawezi kula unachowapa, hata ukibembeleza. Wengi wa jamii ya kipepeo hula minyoo na viumbe mbalimbali na huweza kuzoea, lakini wapo wanaokula nyama ya matumbawe hai na si kitu kingine. Chaetodon trifasciatus na Chaetodon trifascialis ni wa kundi hilo. Ukimleta nyumbani, atazunguka akidonoa mawe kwa wiki chache huku mgongo ukikonda hadi kichwa kionekane kikubwa kuliko mwili. Zanclus cornutus, mwenye utepe mrefu mweupe mgongoni, hula sana sponji na wachache mno humudu kumweka hai. Mwoshaji niliyemtaja hula vimelea vya wenzake, na kwenye tangi la samaki wanne hakuna vimelea vya kumshibisha. Hawa wote usiwanunue wala usiwachote.

Wapo wanaokula, ila umewapa kisichowafaa. Kangaja na tasi ni walaji wa majani. Waulize akina mama wanaolima mwani, watakueleza kwa uchungu tasi anavyofanya shambani. Ukimlisha kangaja dagaa tu, atakonda ubavuni na rangi itapauka. Funga tawi la mwani kwenye jiwe, liache chini asubuhi, ondoa mabaki jioni. Wanaokula nyama wape uduvi mbichi uliooshwa, au kamba na ngisi waliokatwa vipande vya punje ya mchele. Uduvi wa kuanikwa una mchanga na chumvi nyingi, uloweke kwanza.

Na wapo wanaokataa chakula kwa sababu ya namna walivyovuliwa. Utupa, ile sumu ya mmea, unalewesha samaki, anaokotwa akiwa hai, anaonekana mzima, kisha anakufa baada ya siku chache bila kuonja kitu. Ni uvuvi haramu pia, sawa na baruti iliyoyaharibu matumbawe mengi ya pwani hii. Aliyekokotwa kwenye wavu na wenzake mia hupoteza magamba na ule ute unaomkinga na magonjwa. Wa dema ndiye bora: ameingia mwenyewe, amekaa ndani bila kubanwa, na akitolewa hana alama. Ndiyo maana pale sokoni Feri mazungumzo yawe hivi kabla ya bei:

"Shikamoo mzee. Huyu umempata kwa mtego gani?"

"Marahaba mwanangu. Dema. Nimelitega hapa karibu tu, mwamba wa kwanza."

"Lini?"

"Asubuhi hii. Mtazame macho kama huniamini."

Mtazame kweli. Macho yawe angavu, mgongo uliojaa nyuma ya kichwa, tumbo lisilobonyea. Omba atiwe kwenye ndoo yenye maji masafi, umdondoshee uduvi mmoja. Anayekula ndani ya ndoo, kwenye kelele za soko, atakula kwako. Asiyekula, shukuru na urudishe, mzee hatakasirika, atamuuza kwa kitoweo.

Wote wako juu, wanahema

Mmoja akihema, mshuku ugonjwa. Wote wakihema kwa pamoja, ni maji.

Mara nyingi huku ni joto na umeme. Kuanzia Desemba hadi Machi chumba kilichofungwa kinapasha tangi zaidi ya nyuzi 30, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Umeme ukikatika pampu inasimama, na samaki wengi kwenye maji machache hawachukui saa nyingi. Weka pampu ya hewa ya betri, fungua kifuniko ubakize wavu, elekeza feni juu ya maji. Feni peke yake hushusha joto nyuzi kadhaa, ila maji yatapaa haraka, kumbuka kujazia. Kama ndicho kilio chako kila kiangazi, basi idadi ya samaki ni kubwa kuliko tangi linavyostahimili bila umeme. Kipimo changu ni hicho: hesabu samaki wa usiku wa giza, siyo wa siku ambayo kila kitu kinafanya kazi.

Kama joto ni sawa na pampu inazunguka, pima amonia, na utafute mzoga nyuma ya mawe. Ukimkosa, jiulize kama una samaki sanduku, Ostracion cubicus, mtoto wake ni wa manjano mwenye madoa meusi, mraba kabisa. Akitishwa sana au akifa hutoa sumu kwenye ngozi inayoweza kuua wenzake wote ndani ya tangi, na yeye pamoja nao. Hatua ni moja: badilisha sehemu kubwa ya maji mara moja na weka mkaa maalumu wa filta. Kisha usimrudishe.

Vidoa vyeupe

Vikiwa kama punje za chumvi, ni kimelea Cryptocaryon irritans. Vikiwa kama vumbi laini la dhahabu na samaki anahema haraka, ni Amyloodinium, na hiyo huua kwa siku chache. Kangaja hushikwa wa kwanza. Tibu samaki wote kwenye beseni la pembeni kwa dawa ya shaba kwa kufuata kipimo cha chupa. Ndani ya tangi kuu usiitie, itaua kaa, kamba na konokono. Tangi likae bila samaki miezi miwili ili vimelea vikose mwenyeji. Kinga ni beseni la lita 60, pampu ya hewa na vipande viwili vya bomba vya kujificha, na kila mgeni akae humo wiki nne.

Tumbo limevimba, anaelea kichwa chini

Amepandishwa haraka kutoka kina kirefu. Hewa ya kibofu imetanuka. Usinunue.

Kaa na konokono wanapungua

Una kikande, bunju au mkubwa wa jamii ya Coris. Kikande ana meno ya kuvunja kombe, na hajui kwamba konokono wako wana kazi ya kula mwani wa kioo. Balistapus undulatus, wa kijani mwenye mistari ya machungwa, atamaliza kombe, kisha wenzake, kisha ataanza waya wa pampu. Ukimpenda, mpe tangi zima peke yake.

Basi uweke nani?

Chukua tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 50. Zidisha, gawanya kwa 1000, unapata lita 270. Wafugaji wengi wa maji chumvi huanza na takriban lita nane kwa kila sentimita ya samaki, na hapo unahesabu urefu wa ukubwani, siyo wa leo. Lita 270 zinakupa sentimita 33 hivi. Utaniona bahili, lakini hao ni samaki wanne tu: jozi ya Amphiprion akallopisos, mmoja mdogo wa chini anayekaa kwenye tundu, na Centropyge acanthops, wa buluu mwenye mgongo wa manjano anayeishi Afrika Mashariki na asiyezidi sentimita nane. Ingiza wapole kwanza na Centropyge mwisho, kwa kuwa yeye ndiye mwenye wivu wa eneo. Mwaka ukipita na nitrati iko chini, ongeza Sphaeramia orbicularis wawili, wale watulivu wanaosimama katikati ya mizizi ya mikoko. Kangaja yeyote na asubiri tangi la mita mbili. Na usimchukue yule anayefanana na jani kavu la mkoko akielea kiupandeupande: huyo ni Platax, anakwenda sentimita 50.

Kuhusu pa kuchota, Msimbati na eneo lote la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye kilomita za mraba 650, si mahali pa ndoo yako bila kibali. Kwingineko pitia kwa afisa uvuvi wa halmashauri kwanza, hasa kama unataka kuuza. Matumbawe hai usivunje popote.

Ukishagundua kwamba uliyenaye hafai, swali ni wapi aende. Aliyewahi kuchanganywa na samaki walioagizwa kutoka nje hasirudi baharini, kwa sababu ya magonjwa. Huko Florida samaki simba, ambaye kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, alionekana mwaka 1985, na leo wamesambaa Karibi yote wakimeza vitoto vya mwambani. Aliyekaa na wenyeji wenzake tu, na ana afya, muulize afisa uvuvi kama anaweza kurudishwa palepale alipotoka. Na tasi aliyezidi kimo cha tangi ana njia ya tatu, ya nazi na ndimu, ilimradi maji yake hayajawahi kutiwa dawa ya shaba.